Nilipomsomea swahiba shairi la mkonge

Mshairi akitaka kuzihukumu beti zake kwa haki, asikimbilie kwa mshairi mwenzake. Aende kwanza kwa mtu anayekijua kitu chenyewe kinachotungiwa. Mshairi mwenzako atakuhesabia mizani, yaani silabi za kila mstari, atakukagulia vina, atakwambia mashallah umetia fora. Aliyekiishi kitu hicho atakuuliza kama unayoyasema ni kweli, na hilo ndilo swali linaloumiza na kujenga.

Nayasema haya kwa sababu ya shairi moja ninalolitunga kumhusu marehemu baba yangu. Alikuwa mkata mkonge. Aliletwa Tanga kutoka Kigoma enzi za Waingereza, wakati manamba, vibarua wa mkataba, walipokuwa wakiandikishwa kwa maelfu toka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi na kupelekwa kwenye mashamba. Nilizaliwa kambini, katika shamba moja kati ya Muheza na Korogwe, na swahiba yangu alizaliwa kambi hiyohiyo, safu ya pili ya nyumba. Leo yeye ni fundi cherehani Ngamiani, mjini Tanga. Hajawahi kujiita malenga. Lakini alifanya kazi kwenye korona, mtambo wa kuchakata mkonge, akiwa kijana, akilisha majani kwenye mashine, na toka utotoni ana sikio la kaswida. Sijui mtu mwingine wa kumpelekea shairi hili kabla yake.

Ubeti wa kwanza niliompelekea ulikuwa hivi:

Babangu alidamka, jua halijachomoza,
Kisu chake akashika, kibuyu akakijaza,
Shambani akishafika, akakata kwenye giza,
Mkonge umenilea, baba umemmaliza.

Ni tarbia ya kawaida, ubeti wa mistari minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, na mstari wa nne ndio kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Mshairi mmoja ninayemheshimu alikuwa ameusikia na kuusifu, hasa kile kibuyu, akasema kinaleta ladha ya zamani. Swahiba alisimamisha cherehani, akaniambia niurudie. Nikaurudia. Akauliza, "Kibuyu cha nani, ndugu yangu? Mzee alikuwa na dumu. La njano, la mafuta ya kula, lina kipini kilichofungwa kwa singa, nyuzi za mkonge. Mimi nimeshawahi kutumwa kulijaza bombani."

Dumu hilo nalikumbuka vizuri. Kibuyu kilikuja chenyewe kwa sababu kimezoea kukaa kwenye mashairi. Kuna maneno ambayo ushairi wetu umeyatumia mpaka yanakuja bila kuitwa: kibuyu, jembe, kinu, mtungi, nyota ya jaha. Ukiyaacha yaingie kila yanapotaka, baba yako anakuwa baba wa kila mtu. Nikaangalia mizani. "Dumu lake akajaza" ni nane kamili. Tena linasimama sambamba na "kisu chake akashika", mkono huu na mkono ule. Likaingia palepale.

Hakuishia hapo. "Umesema jua halijachomoza. Halafu unasema kwenye giza. Giza la pili la nini?" Nilimjibu kwamba ni msisitizo. Hakukubali, na hoja yake ilinishinda nguvu: mkonge haukatwi gizani, mtu atajikata mguu. Watu walitoka gizani ili mwanga ukipasuka wawe tayari wamesimama kwenye mstari. Kwa hiyo "akakata kwenye giza" haikuwa marudio tu, ilikuwa uongo, na imo mle kwa ajili ya kina cha -za peke yake. Nilihangaika na nusu hiyo ya mstari kwa muda mrefu. Ilipokuja, ilikuja nikiwa kwenye daladala:

Babangu alidamka, jua halijachomoza,
Kisu chake akashika, dumu lake akajaza,
Shambani akishafika, mikono akaiuza,
Mkonge umenilea, baba umemmaliza.

"Mikono akaiuza." Naupenda mstari huo na sioni haya kusema hivyo. Mtu anaweza kuuza nguvu, anaweza kuuza wakati, lakini manamba alilipwa kwa alichokikata, hesabu ya matita, na kilichohesabiwa hasa ilikuwa kazi ya viganja viwili. Swahiba aliposikia nusu hiyo hakusema kitu. Akaendelea na pindo la suruali aliyokuwa akiishona. Kwake, kuendelea na kazi ndiko kuukubali mstari.

Ubeti wa pili ndio uliotugombanisha. Mimi kwa miaka nimekuwa nikiisoma historia ya mkonge kama mtu anayetafuta ukoo wake. Mwaka 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, miche ikafa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana nayo mashamba yakasambaa Tanga na Morogoro, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ya kwanza duniani. Kambi zote zile, reli ndogo za kubebea majani, king'ora cha alfajiri, ndoa ya baba na mama yangu, vyote vimetoka kwenye miche 62. Nilitaka idadi hiyo iwe ndani ya shairi:

Mjerumani kwa shani, miche yake alileta,
Sitini na mbili ndani, uhai iliyopata,
Kikogwe pale Pangani, udongoni ikaota,
Mkonge umenilea, baba umemmaliza.

Swahiba ana njia yake ya kupima. Huchukua ubeti akautia mahadhi ya kaswida polepole, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mwaka 1954, alishika kwamba shairi ni wimbo na lisiloimbika halina maana. Swahiba hakukisoma kitabu hicho, lakini ndivyo anavyofanya. Alipofika "kwa shani" sauti yake ikalegea. Alipofika "ndani" ikalegea tena. Akasema, "Hapa naimba lakini sisemi kitu. Kwa shani gani? Ndani ya nini?"

Ni vijazilizi, na mtu yeyote anayetunga anavijua. Mizani imepungua mbili au tatu, kina kinadai -ni, unachomeka "kwa shani", "jamani", "duniani", "nawambieni". Kwenye karatasi havionekani. Kwenye koo la mwimbaji vinaonekana mara moja, kwa sababu sauti inafika mahali pa kubeba maana na haikuti cha kubeba. Ningeweza kuvibadilisha vijazilizi hivyo kwa vingine vilivyojificha vizuri zaidi. Sikutaka, maana ugonjwa wa ubeti haukuwa hapo. Swahiba aliutaja: "Hili ni somo la darasa la sita. Mzee yuko wapi?"

Nilimtetea Hindorf wangu kwa ukali kuliko alivyostahili. Nikamwambia hesabu ile, 62 kati ya elfu, si somo, ni jambo la kutetemesha. Akaniuliza, "Linakutetemesha nini?" Nikamjibu bila kupima maneno kwamba huwa nawaza, kama hiyo 62 nayo ingekufa, baba angekuwa hai. Akanitazama. "Basi si useme hivyo?"

Ubeti ukageuka wote:

Mingi ilifa melini, baharini ikaoza,
Sitini na mbili kwani, isife ikajikaza?
Ingekwisha safarini, leo ningemtembeza,
Mkonge umenilea, baba umemmaliza.

Naam, nimetumia "ilifa" badala ya "ilikufa", ruhusa ambayo ushairi umewapa watungaji tangu kale na sioni sababu ya kuikataa. Jina la Mjerumani limetoka, Kikogwe imetoka, mwaka umetoka. Msomaji asiyejua habari za miche atauliza, na anayejua atasikia uzito wa namba. Neno ninaloliamini zaidi ya yote katika ubeti huu ni "ningemtembeza". Mwishoni baba hakuweza kutembea. Ningependa kumshika mkono twende mpaka baharini pale Raskazone, akae kwenye kivuli, atazame meli. Sikuandika bahari wala kivuli. Kitendo kimoja kinatosha.

Hukumu yangu juu ya ubeti huu: ndio uliobeba shairi. Ule wa kwanza unaeleza na huu unadai. Ushairi wetu wa vina umekulia kwenye kudai na kujibu, na siku mshairi anapoacha kumdai mtu au kitu, anaanza kupamba.

Kulikuwa na ubeti mwingine, wa miba na damu, ambao sitauweka hapa kwa sababu haupo tena. Ulikuwa na mwiba unaodunga kiganja, damu inayotiririka juu ya jani la kijani, na msikilizaji wa mjini angelia. Swahiba aliukata kwa sentensi moja: mkata mkonge hodari huuondoa mwiba wa nchani kabla ya kufunga tita, na mzee alikuwa hodari. "Sikumwona na kidonda cha mwiba hata siku moja. Kilichomtesa ni maji ya mkonge." Kisha akanieleza habari za kwenye korona, jinsi utomvu ulivyoruka ukawapata usoni na mikononi, jinsi ngozi ilivyowasha mpaka usiku, na jinsi mama yake alivyokuwa akimwekea maji ya chumvi ya uvuguvugu kwenye beseni. Alipotaja beseni ndipo nilipoliona la kwetu. Mama yangu alifanya vilevile, na mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka nikisikia maji.

Utomvu ulimwagika, mikononi ukawasha,
Mama maji akaweka, kwa chumvi akamuosha,
Asubuhi akatoka, kana kwamba hakukesha,
Mkonge umenilea, baba umemmaliza.

Mtu mwenye macho makali ataona "akamuosha" pale ambapo kawaida tungesema "akamwosha". Nimeirefusha kupata mizani na siioni kuwa dosari, maana ukiiimba inakaa. Swahiba aliimba ubeti huu wote bila kusita popote. Akauimba tena. Siku zilizofuata nikamkuta ameushika kwa moyo, ilhali ubeti wa kwanza, ambao nilidhani ni hodari kuuzidi, alikuwa akiuchanganya.

Hapo nilimkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alikufa mnamo mwaka 1840, na mashairi yake tunayo leo kwa sababu watu wa mji wake waliyabeba vichwani. Miongo mingi baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwenye kumbukumbu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Naamini wengi katika waliozihifadhi beti zile hawakuwa washairi. Walikuwa watu waliovijua vita anavyovitaja, njaa anayoitaja, bei ya vitu sokoni, wakaona mambo yao yamesemwa sawasawa. Shairi lililosema uongo kuhusu sokoni lisingepita midomo ya watu wa sokoni. Nadhani sisi tunaotunga leo tumeupoteza mtihani huo. Tunasomeana sisi kwa sisi, na sisi kwa sisi tunasameheana vibuyu.

Sisemi kwamba swahiba ana haki kila mara. Kuna hukumu zake nilizozikataa na ningali nazikataa. Hapendi kibwagizo. Alikikubali kwa muda, nadhani kwa ajili ya mahadhi, mpaka siku niliyomsomea ubeti wa miche kwa mara ya pili. Akasema, "Ingekwisha safarini, wewe ungekula nini? Ungezaliwa wapi? Mzee angebaki Kigoma, na mama yako alikuwa Mbondei wa hapa." Nikamwambia najua. Akasema, "Unajua lakini unalaani." Kwake, neno "umemmaliza" ni kuitukana kazi ya baba yangu, na ya baba yake. Baba yake alizeeka kambini, akapata kiinua mgongo kidogo, akajenga nyumba ya vyumba viwili, akafa amelala. Hataki mtu aseme kwamba mzee wake alimalizwa.

Tulikaa na ugomvi huo. Kisha akanifanyia jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu asiyejiita mshairi: akanijibu kwa ubeti. Aliuandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja, chini ya kiuno na urefu wa mkono.

Swahiba nakusaili, jibu bila ya kuwaza,
Kwa unga na kandambili, nani aliyekukuza?
Mti huo u halali, kwa nini kuuapiza?
Mkonge umekulea, baba ukamtukuza.

Nikawa mimi ndiye hakimu. Nilimwambia wazi: mstari wa pili ni bora kuliko mstari wowote nilioutunga katika shairi langu. Unga wa posho na kandambili za dukani kambini, hakuna mtoto wa shamba asiyevijua, na ameviweka kwenye mizani nane bila kijazilizi. Mstari wa kwanza ni wa kukopa, kila malumbano yanaanza kwa "nakusaili", lakini ni mlango tu, watu wanapita. Nilimgombeza kwa "mti". Mkonge si mti, na yeye wa korona ndiye aliyenifundisha kuogopa uongo mdogo. "Mmea huo halali" ina mizani nane vilevile na inaimbika. Akajaribu kwa sauti, akairudia, akaichukua kalamu akasahihisha.

Kuhusu "ukamtukuza" sikukubaliana naye, wala sitakubaliana. Baba yangu hakutukuzwa na mkonge. Alikuwa mtu mkubwa kabla ya kuugusa na alibaki hivyo licha yake. Lakini sikuweza kuikanusha hoja ya mistari mitatu ya juu. Uchungu wangu na shukrani yake vinatoka kambi moja, safu mbili za nyumba, na shairi lenye mmoja tu lingekuwa pungufu. Kibwagizo changu chenyewe kina pande mbili, umenilea na umemmaliza, na nilikuwa nimeuimba ule wa pili kwa nguvu nikaupita ule wa kwanza haraka. Ubeti wake unaurudisha.

Kwa hiyo nimeamua: ubeti wake unaingia, baada ya ule wa maji ya chumvi, kama sauti ya pili, ukiwa na kituo chake, yaani mstari wa mwisho, kama alivyokiandika. Sitaurekebisha ukubaliane na changu. Alikataa mwanzoni, akisema watu watadhani ametafuta umaarufu. Nilimwambia watu wa kambi zote za Tanga watamwelewa. Akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na nimelishika sharti hilo.

Limebaki suala la ubeti wa mwisho. Nilikuwa nimeuanza kwa "Kaditamati nakoma, kalamu naweka chini", na swahiba alitaka ubeti wote uondoke, akisema shairi limekwisha kwenye malumbano na kaditamati ni desturi tu. Kuhusu mstari huo yuko sahihi. Umetumika mno, na mimi sikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kuutumia. Kuhusu ubeti mzima amekosea. Mtoto hamtungii baba yake aliyekufa shairi akaondoka bila kumwombea dua. Kama sanaa inasema dua inalegeza mwisho, basi mwisho na ulegee. Mstari wa dua ulikuwa na "umtie na Peponi", ile "na" ikiwa ni ya kujaza tu, na yeye mwenyewe, aliyetaka ubeti ufutwe, ndiye aliyeigundua. Sasa ni hivi:

Umlipe yalo mema, umkirimu Peponi,
Na wote waliohama, wakafia mashambani.

Mstari wa kutangulia hiyo miwili bado sijaupata. Vina ni -ma na -ni. Swahiba amependekeza "Ewe Mola wa rehema, mpokee masikini", na mizani yake imetimia, lakini "masikini" silitaki. Baba alikuwa na watoto saba, kisu kinachokata na dumu la njano, na mimi siwezi kumfikisha mbele ya Mola wake kwa neno hilo. Nimemwambia hivyo. Amesema anatafuta jingine, nami natafuta, na shairi halitoki mpaka mmoja wetu alipate.